Majani Yasiyoliwa na Ng'ombe

Yameota tena. Mpangaji wangu, Mama Shufaa, alikuwa anapita na ndoo kwenda bafuni, akayakanyaga kwa kandambili, na ile harufu ikanifuata mpaka kwenye mkeka nilipokuwa nachambua mchele. Ni harufu chungu. Hata sijui niifananishe na nini. Kama mtu kaponda majani ya muarobaini akayachanganya na asali iliyoharibika. Mikono ikanisimama juu ya ungo.

"Mama Hami, majani gani haya?" akaniuliza. "Kila nikiyang'oa yanarudi. Nipe jembe niyamalize."

"Yaache."

"Yana dawa?"

"Yana sumu."

Akashika kiuno akacheka. "Makubwa! Wenzio wanafuga kuku, weye wafuga sumu."

Nikaendelea kuchambua mchele. Miye nimesoma mpaka darasa la tatu tu, na kupanga maneno sikufundishwa. Lakini hili nitalisema, na majina nitayataja, kwa kuwa wenye majina wote sasa wako chini ya mchanga na hapana tena wa kunifinya nikinyamazishe kinywa changu.

Nyumba hii ya Nguvumali, hapa Tanga, niliingia nikiwa mtoto wa meno ya mbele kung'oka. Baba alikuwa amefariki, mama ameolewa upande wa pili wa mpaka, na bibi yangu wa Moa alikuwa hana nguvu ya kulisha mdomo wa ziada. Nikapelekwa kwa Shangazi Tima, dada yake baba. Mumewe akiitwa Haruni, sote tukimwita Ami. Alikuwa na meza ya viungo kule Ngamiani: iliki, mdalasini, bizari, pilipili manga, na pembeni, kwenye kitambaa cheupe, vichupa vya wino wa zafarani kwa ajili ya walimu wanaoandika kombe. Mtu mpole wa sauti, kanzu yake daima imepigwa pasi. Watu walimpenda. Mpaka anakufa watu walimpenda.

Na mtoto wao alikuwa mmoja, Zuhura. Waliomtangulia hawakukaa, mmoja baada ya mwingine, kwa hiyo huyu walimshika kama yai. Alinizidi kidogo umri na alinizidi sana akili. Alikuwa anasoma kitabu huku anasuka ukili, na asikosee kimojawapo. Aliponiona mara ya kwanza, nimesimama mlangoni na kifurushi changu, alinitazama toka juu mpaka chini akasema, "Huyu ndiye Mwanahamisi? Jina refu kuliko mwenyewe. Nitakuita Hami." Nikawa Hami mpaka leo.

Mwaka mambo haya yalipotokea, Zuhura alikuwa darasa la saba. Miye nilikuwa nimeshatolewa shule, nikichota maji, nikichekecha unga, nikiosha vyombo. Shangazi hakunificha sababu. "Mtoto wa nyumba hii mwenye kichwa ni mmoja," alisema, "na mwenye miguu ni mmoja. Kila mtu na alichopewa na Mungu." Na ili kile kichwa kifunguke zaidi, Zuhura akawa anapewa kombe kila asubuhi.

Aliyelelewa pwani analijua kombe. Mwalimu anaandika aya kwenye sahani nyeupe kwa kalamu ya tete na wino wa zafarani uliotiwa marashi. Ikikauka, sahani inaoshwa kwa maji safi, na yale maji unakunywa. Aliyekuwa akituandikia ni Mwalimu Shee, mzee wa mtaa wa pili, macho yake yameshaingia ukungu, lakini mkono wake ulikuwa haukosei. Alikuwa anaandika sahani kadhaa kwa mpigo, nami nazileta nyumbani kichwani, nimezifunika kwa kitambaa, nisiruhusiwe kusalimia mtu njiani.

Maji ya kwanza, yale ya manjano mazito, yalikuwa ya Zuhura. Shangazi aliyamimina kwenye kikombe cha maua, na Ami mwenyewe alikuwa anaongeza kijiko cha wino safi toka chupani, "ili ikolee." Kisha sahani inasuuzwa mara ya pili, na lile suuzo, maji yaliyokaribia kuwa meupe, ndilo langu. Nilikuwa nalinywa nimesimama, mlangoni mwa jiko. Nilitamani ile rangi. Nikiwa nimelala nilikuwa naiona: kikombe cha maua kimejaa, na kinasogezwa kwangu.

Nataka ieleweke: maneno ya Mungu hayana kosa. Yale maneno miye nayaamini mpaka kesho. Kosa lilikuwa kwenye wino, na wino ulikuwa na mwenyewe.

Zafarani ya kweli ilikuwa imeadimika, na ikipatikana bei haishikiki. Likizo moja Ami akatwambia tujitayarishe, tunakwenda naye mlimani, juu ya Lushoto, kuchuma maua. Siye watoto wa pwani, mlima tulikuwa tunauona kwa mbali tu siku ambazo hewa imesafishwa na mvua. Tulipanda basi, kisha lori la mboga, kisha miguu. Baridi ilituingia mpaka kwenye ufizi. Zuhura alijifunga kanga mbili kichwani akasema, "Baba, ukinioza, usinioze kwa Msambaa, nitakufa kwa mafua."

Halafu tukatokea kwenye uwanda. Sijaona tena mahali kama pale. Nyasi fupi, mbichi, mpaka ukungu unapoanzia, na katikati ya nyasi mafungu ya maua ya manjano, manjano ya kuumiza macho, kila fungu limesimama peke yake kama kisiwa. Ng'ombe walikuwa wanalisha. Nikawatazama: wanakula nyasi mpaka ukingoni mwa lile fungu, wanaramba ardhi ikawa kama kipara, kisha wanageuza shingo. Ua hata moja hawagusi. Miye nikaona wale ng'ombe wana adabu. Nikamwambia Ami hivyo. Akafurahi sana, akanishika kichwa, jambo ambalo hakuwa akilifanya. "Umeona eeh? Hata mnyama anajua kwamba hili ua si la tumbo, ni la maandiko."

Palikuwa na mama mmoja mwenye ng'ombe wale, amejitanda blanketi, fimbo mkononi. Tukamwamkia, akaitikia, akaja akasimama juu yetu tukiwa tumeinama tunachuma.

"Mwachuma ya nini hayo?"

"Rangi, mama," Ami akamjibu. "Rangi tu."

"Rangi ya ukili?"

"Ya kuandikia."

"Kuandikia sawa. Msije mkayatia tumboni." Akachomeka fimbo yake chini ya fungu moja akalibinua, tukaona mzizi: mweupe, mnene kama kidole, umetambaa chini ya nyasi na kwenda kutokea kwenye fungu la pili. "Haya hayafi. Kiangazi kinayaunguza juu kote, wasema yamekwisha. Kumbe yako chini yanatembea. Ukiyalima umeyapanda, kila kipande kinaota chake. Na mbegu zake zina manyoya, zaruka na upepo mpaka kwa jirani. Nilikuwa na ndama wangu, alikula yaliyokauka yamechanganyika na majani ya zizini. Alizunguka mti, akazunguka, akazunguka, mpaka akaanguka. Tulipompasua, tumbo limejaa maji."

Ami akacheka lile cheko lake la biashara. "Mama yangu, hapa waona ng'ombe?"

Na nyuma yake Zuhura, vidole vyote vimekuwa vya manjano, akatoa ulimi akalia, "Mooo!"

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Yule mama hakucheka. Hicho kicheko chetu huwa nakisikia. Nikiwa nafua, nikiwa sokoni, kinatoka nyuma ya kisogo changu, cheko la watoto wawili, nageuka hapana mtu.

Tulirudi na magunia. Ami akachemsha maua na majani yake na vikonyo vyake, hapa hapa uani, kwenye sufuria la shughuli, akakoleza mpaka ikawa nzito kama asali, akachuja kwa kanga kuukuu, akatia marashi ya waridi kwa wingi ili ile harufu ilale. Miye ndiye nilikuwa nachochea mkaa. Kwa akili yangu nikajua kwamba zafarani yote duniani hutengenezwa hivyo, na kwamba wanaouza zile nyuzi nyekundu wanaidanganya dunia. Mwalimu Shee akapelekewa chupa kubwa, akainusa, akasema, "Marashi mengi leo, Haruni." Ami akasema, "Kwa ajili ya mwanangu, Mwalimu, nibanie marashi?"

Na ili asiwe anapanda mlimani kila mara, alikuja na mizizi. Akaipanda hapo hapo nyuma ya ukuta wa bafu, penye unyevu. Joto la Tanga halikuyataka yale maua. Yalitoa majani tu, yamelala chini kama yamebanwa na kisigino, hayakuinua shina wala hayakuchanua. Kaskazi ilipoanza kuvuma yakakauka yote, Shangazi akasema alhamdulillahi, yanaleta nyoka. Ulipoingia ubaridi wa katikati ya mwaka, yakachungulia tena.

Zuhura alianza kwa kutapika. Asubuhi anakunywa, jua likipanda anatapika. Shangazi akasema ni husuda ya watu, kwa sababu mwalimu wake wa shule alikuwa amemsifu mbele ya wazazi. Kwa hiyo kombe likaongezwa. Likawa asubuhi na alasiri. Kadiri alivyozidi kuumwa ndivyo sahani zilivyozidi, na kadiri sahani zilivyozidi ndivyo alivyozidi kuumwa, na miye nikawa sina kazi nyingine ila kwenda na kurudi kwa Mwalimu Shee na sahani kichwani.

Halafu tumbo likaanza kujaa. Mikono yake imekonda, mashavu yameingia ndani, lakini tumbo linatangulia. Pale bombani wasichana walikuwa hawana dogo.

"Hami, dada yako kabeba kitabu au kabeba mwenye kitabu?"

"Mwacheni, ndio mitihani hiyo, anafanya kwa vitendo."

Niliwarudia kwa matusi, nikapigwa, nikarudi ndoo imepasuka. Shangazi akasikia yale maneno. Akamwita Zuhura chumbani akafunga mlango, nami nikatega sikio nje.

"Niambie ukweli, mwanangu. Sitakupiga. Ni nani?"

"Nani nini, mama?"

"Hilo tumbo."

Nikamsikia Zuhura anacheka, cheko dhaifu, anashika pumzi. "Mama, nimemeza juzuu nzima. Hata Mwalimu Shee ana tumbo."

Shangazi alitoka analia na kucheka pamoja.

Baadaye macho ya Zuhura yakageuka. Ile sehemu nyeupe ikawa ya manjano, kisha viganja, kisha ngozi yote. Na hapa ndipo upumbavu wangu wa utoto ulipo, na sina haya nao, maana nilikuwa mtoto. Miye niliona nuru. Niliona yale maneno aliyokuwa akinywa yamemjaa mpaka yanamwagika machoni. Nilijua kwamba mtu akifika pale, basi amefungukiwa, hatafeli kitu. Nilimwonea wivu. Nilikuwa na kipande cha kioo nimekificha chini ya jamvi, kila asubuhi najifunua kope natazama: meupe. Meupe kama ya mbuzi wa kawaida. Nikalia.

Zuhura akaniona nalia akaniuliza, nikamwambia. Hakunicheka. Siku hiyo, Shangazi alipotoka kidogo, akanisogezea sahani ambayo haijaoshwa bado, maandishi yanang'aa. "Ramba, Hami. Na weye ujue hesabu." Nikairamba kuanzia ukingoni. Ilikuwa chungu chini ya marashi. Akawa ananipa hivyo kila anapopata nafasi, pembe ya sahani, tone la kikombe. Ndugu yangu huyo. Alichokuwa nacho ni kile, akanigawia.

Siku ile nilipoamka nikatazama kioo na kuona manjano, nilikimbia uani nikipiga vigelegele. "Shangazi! Na miye! Na miye yameniingia!"

Shangazi aliangusha mwiko.

Saa hiyo hiyo Zuhura alikuwa ametoka chumbani. Kwa siku kadhaa alikuwa hasemi sawasawa, anaita majina ya watu ambao hatuwajui. Akaja mpaka kwenye nguzo ya kamba ya kuanikia nguo, akaishika kwa mkono mmoja, akaanza kuizunguka. Taratibu, kama mchezo. Akazunguka, akazunguka. Ami alikuwa anatia udhu. Nikamwambia, na sikumwambia kwa ubaya, nilikumbuka tu kama mtoto anavyokumbuka:

"Ami, tazama, anazunguka kama ndama wa yule mama."

Alinipiga kofi nikaanguka kwenye sufuria. Mtu ambaye alikuwa hajawahi kunipiga. Nilipoinua uso nilimwona anamtazama mwanawe, birika bado linamwagika mkononi. Uso ule sijausahau. Haruni alijua. Kuanzia dakika ile alijua, na anayesema hakujua aje aniulize miye.

Tukapelekwa hospitali, sote wawili. Daktari alikuwa kijana, ana haraka lakini si mbaya. Akambonyeza Zuhura tumbo, akanifunua macho, akamgeukia Shangazi.

"Mama, hawa wawili wana ugonjwa mmoja. Wamekula nini pamoja?"

"Wala tulacho sote. Wali, samaki, mchicha."

"Dawa za kienyeji? Mizizi, majani, kitu chochote cha mganga? Sema tu, sikugombezi."

Shangazi alichukia. Alijifunga buibui vizuri. "Daktari, sisi watu wa dini. Mambo ya waganga na mizizi hayaingii kwangu."

Na alikuwa anasema kweli yake. Kombe si mzizi. Kombe si mganga. Ungemchinja asingekubali viwili hivyo viwekwe kapu moja.

Ndipo miye nikasema. Watu wajue kwamba nilisema. "Tunakunywa zafarani."

Daktari akanitazama. "Zafarani?"

Shangazi akanifinya paja. "Zafarani, daktari. Kiungo cha pilau. Inawekwa kidogo kwenye maji yenye dua."

Daktari akatikisa kichwa. "Ah, zafarani haina neno," akasema, akaandika.

Pale chumbani alikuwepo mtu mmoja tu ambaye angeweza kusema maneno mawili: si zafarani. Basi. Maneno mawili. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mkewe, kofia mkononi, anatazama sakafu. Miye nilikuwa chini, kimo cha mikono yake, nikaona kucha. Zilikuwa za manjano mpaka kwenye nyama. Akaona natazama. Akaingiza mikono mifukoni mwa kanzu.

Zuhura alikufa asubuhi, jua limeshakuwa kali, wauza mihogo wanapita barabarani wakinadi kama kawaida. Miye nilipona kwa sababu nilikuwa nimekunywa masuuzo. Hilo nimekaa nalo maisha yangu yote. Aliyependwa alipewa maji ya kwanza. Asiyependwa akanyimwa, akaishi.

Matanga hayajaanuliwa, nilimwona Ami nyuma ya bafu. Alikuwa anamwaga chupa, moja baada ya moja, hata ile kubwa aliyoichukua tena kwa Mwalimu Shee. Kisha akachukua jembe akayalima yale majani, kwa hasira, anayakatakata. Sijui zile chupa alizokwisha kuziuza Ngamiani ziliishia matumboni mwa nani. Hilo nalo huwa linakuja likakaa ukingoni mwa kitanda changu.

Nilikwenda nikamwambia Shangazi yote. Yule mama wa mlimani, ndama, kucha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanivuta karibu kama anataka kunibusu, akaniambia sikioni, "Hami, nyamaza. Ukitoka nje na maneno hayo watu watasema kombe limeua mtoto. Wataacha dini kwa ajili yako. Unataka ubebe mzigo huo?" Nikanyamaza. Wiki ile ile nikarudishwa Moa kwa bibi.

Kwa hiyo Tima binti Bakari naye namtaja. Alikuwa mama, alikuwa na uchungu, lakini alichagua jina la mumewe akaliweka juu ya kaburi la mwanawe, akaliziba na Mungu.

Nilikulia Moa, nikaolewa, nikaachika. Nilirudi nyumba hii Shangazi alipoanguka kiharusi, kwa kuwa alikuwa hana mwingine, nami sikuwa na kwingine. Nikamuuguza mpaka akaondoka. Akabaki Ami. Nikabaki naye. Watu husema, Hami ana moyo, amemtunza mzee kama babake. Nilikuwa nampa uji kwa kijiko na kumtazama. Nilikuwa nasubiri.

Na nyuma ya bafu, kila ubaridi unapoingia, yale majani yalikuwa yananisubiri miye. Alivyoyakatakata siku ile, kumbe aliyapanda. Kila kipande kiliota chake, kama yule mama alivyosema. Niliyang'oa mwaka hadi mwaka. Nilimwagia maji ya moto, nikamwagia chumvi, nikachomea takataka juu yake. Kaskazi inayaua, baridi inayarudisha.

Mwaka huu Ami akalala asiinuke. Akatuma watu waniite, nami niko chumba cha pili. Nikaingia.

"Hami, mwanangu. Safari imefika. Kama kuna mahali nilikukosea, nisamehe."

"Hapana kama, Ami."

"Binadamu hakosi kukosa."

"Sema ulichokosa. Nikisikia nitasamehe. Wallahi nitasamehe sasa hivi."

Akafumba macho. Nikatoka, nikachuma jani moja nyuma ya bafu, nikaliponda vidoleni, nikamwekea chini ya pua. Nilimwona ananusa. Machozi yalimtoka, yakapita kwenye mikunjo mpaka sikioni.

"Nini hii, Ami?"

Akafumbua macho. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya mezani kwake Ngamiani, ya kumwambia mteja:

"Zafarani, mwanangu. Zafarani safi."

Akageukia ukutani. Hakusema tena neno la maana mpaka roho ilipotoka.

Vijana wa mtaa walikuja kuchimba ufuo, lile shimo la kupokelea maji ya kumwoshea maiti. Wakachagua wenyewe, nyuma ya bafu, udongo laini. Nikasikia mmoja anasema, "Loh, mzizi huu wa nini? Umekwenda mpaka chini ya msingi." Mweupe, mnene kama kidole. Wakaukata, wakaendelea. Maji aliyooshewa Ami yote yakaingia pale.

Sisi wanawake tulikuwa tumejaa ndani. Kabla jeneza halijainuliwa, shehe akaja mlangoni, akapaza sauti, kama inavyofanywa kwa kila maiti: "Enyi mlioishi naye, mmemsamehe?"

Nyumba nzima ikaitikia: "Tumemsamehe."

Akauliza mara ya pili, wakaitikia. Bi Mwanaidi, jirani yangu, alikuwa amekaa bega kwa bega nami. Akanigusa kwa kiwiko. "Sema basi, Hami. Maiti hasubiri. Weye ndiye uliyemlea."

Shehe akauliza mara ya tatu. Nikasimama. Nikasema kwa sauti, mpaka wanaume waliokuwa uani wakageuka:

"Haikuwa zafarani."

Nikasikia Bi Mwanaidi anawanong'oneza wenzake, "Uchungu huo. Mshikeni." Wakanishika, wakanikalisha, wakanipepea kwa kanga. Nje wanaume wakainua jeneza, wakaenda.

Mvua imenyesha, ufuo umeshajaa udongo, na majani yametoka palepale, mapana kuliko mwaka wowote. Mama Shufaa anataka jembe. Nimemwambia ayaache. Jana, nilipokuwa nayatazama, niliona katikati yake kitu ambacho huku pwani sijapata kukiona: kikonyo, kimesimama wima, na juu yake kifundo kimefumba, kina mstari mwembamba wa manjano.